Programu inaanguka mara tano na msimamizi wa huduma anaiacha: tuongeze majaribio au tutibu chanzo?

MtunzaMashine, Kariakoo

Habari za leo, wanajukwaa. Ninatunza seva mbili za duka la jumla hapa Kariakoo. Moja imebeba hifadhidata ya PostgreSQL. Nyingine imebeba programu inayofanya kazi chinichini usiku na mchana: inapokea taarifa za malipo ya simu, inaoanisha kila malipo na ankara yake, kisha inaandika kwenye hifadhidata ili mtunza stoo ajue kwamba mzigo wa mteja fulani unaruhusiwa kutoka. Seva zote mbili zinatumia Ubuntu 22.04, na programu hiyo iko chini ya usimamizi wa systemd, yaani msimamizi wa huduma wa Linux anayewasha programu na kuziangalia. Katika faili la huduma niliandika Restart=on-failure, na mengine yote nikayaacha yalivyo.

Usiku wa kuamkia juzi umeme ulikatika, betri za akiba zikaisha, na umeme uliporudi seva ziliwaka zenyewe. Kulipokucha mtunza stoo akapiga simu kwamba wateja wanamwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu zao, lakini kwenye mfumo hakuna kitu. Nilipofungua logi (kumbukumbu za matukio) nilikuta mistari hii mwishoni:

23:14:09 malipo.service: Main process exited, code=exited, status=1/FAILURE
23:14:09 malipo.service: Scheduled restart job, restart counter is at 5.
23:14:09 malipo.service: Start request repeated too quickly.

Saa hizo zimeandikwa kwa UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwa saa zetu ilikuwa saa nane na dakika kumi na nne usiku. Tangu hapo hadi asubuhi programu haikuguswa tena. Nilipoiwasha kwa mkono iliwaka bila shida, na mpaka sasa inafanya kazi.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, kwa nini msimamizi alikata tamaa ndani ya sekunde chache ilhali nimemwagiza aiwashe upya kila inapoanguka? Pili, mwenzangu kazini anashauri tuandike Restart=always pamoja na StartLimitIntervalSec=0 ili majaribio yasiwe na mwisho. Ushauri huo una madhara gani?

FundiUbungo

Pole sana, mkuu. Swali lako la kwanza linajibiwa na mipangilio miwili ambayo hukuiandika, lakini inafanya kazi hata usipoiandika. Ya kwanza ni RestartSec, yaani muda ambao systemd husubiri kabla ya kuiwasha upya huduma iliyoanguka. Usipoutaja, muda huo ni milisekunde 100 tu. Ya pili ni kikomo cha kuwasha: StartLimitBurst, ambayo kwa kawaida ni 5, na StartLimitIntervalSec, ambayo kwa kawaida ni sekunde 10. Maana yake ni kwamba huduma ikiwashwa mara tano ndani ya sekunde kumi, ombi la sita hukataliwa na huduma huhesabiwa kuwa imeshindwa kabisa. Programu yako ilikuwa ikiwaka, inagonga hifadhidata, inakataliwa, inakufa, na baada ya sehemu ya kumi ya sekunde inawashwa tena. Nafasi zote tano ziliteketea ndani ya sekunde mbili au tatu.

Hifadhidata nayo, ilipozimika ghafla kwa umeme kukatika, ililazimika kwanza kupitia upya kumbukumbu zake za miamala kabla ya kupokea mteja yeyote. Katika kipindi hicho PostgreSQL hujibu kwamba mfumo bado unaanza, na hukata muunganisho. Inaweza kuchukua nusu dakika, inaweza kuchukua zaidi, kutegemea kazi iliyokuwa ikiendelea. Programu yako haikuwa na ubovu wowote usiku ule. Iliwahi tu kufika.

Kuna watakaokushauri uandike After=postgresql.service. Kwako haitasaidia chochote, kwa sababu mstari huo hupanga mfuatano wa huduma zilizo ndani ya mashine moja, na hifadhidata yako iko kwenye mashine ya pili ambayo systemd ya mashine ya kwanza haiioni.

Sasa kuhusu ushauri wa mwenzako. Restart=always tofauti yake na on-failure ni kwamba huiwasha programu hata ikimaliza kazi yenyewe kwa amani, yaani ikitoka na namba 0. Kwa programu inayotakiwa kuwa hai wakati wote, hilo linakubalika, na usiogope kwamba hutaweza kuizima: ukiizima kwa systemctl stop, haitawashwa tena. Kinachonitia wasiwasi ni ile sifuri ya StartLimitIntervalSec, inayoondoa kikomo. Ukiondoa kikomo huku RestartSec ikibaki milisekunde 100, siku faili la usanidi likiharibika programu itawashwa na kufa maelfu ya mara hadi asubuhi, logi zitajaa mistari ileile, na hifadhidata itagongwa bila kupumzika na mteja ambaye hana matumaini ya kupona.

Afadhali uongeze muda wa kusubiri. Hata hivyo kuna mtego hapo, na naomba uuangalie kwa makini. Ukiandika RestartSec=5 na kuacha kikomo cha kawaida, ndani ya sekunde 10 programu haiwezi kuwashwa mara tano; itawashwa mara mbili, labda tatu. Kwa hiyo kikomo hakitafikiwa kamwe, na utakuwa umekiondoa bila kukusudia. Mipangilio hii mitatu lazima ipigiwe hesabu pamoja. Chukua mfano wa RestartSec=15, StartLimitBurst=20 na StartLimitIntervalSec=600. Programu inayokufa papo hapo itawashwa mara ishirini katika muda wa takribani dakika tano, kisha systemd itaacha. Dakika tano zinatosha kwa hifadhidata kuamka. Lakini kama programu yako husubiri muunganisho kwa sekunde 20 kabla ya kufa, mzunguko mmoja unakuwa sekunde 35, ndani ya sekunde 600 zinaingia nafasi kumi na saba tu, na umerudi kulekule kwa majaribio yasiyo na mwisho. Pima kwanza programu yako hukaa hai muda gani kabla ya kuanguka, ndipo uchague namba.

StartLimitBurst na StartLimitIntervalSec ziandikwe katika sehemu ya Unit ya faili la huduma. StartLimitIntervalSec ikiwekwa katika sehemu ya Service hupuuzwa, na huachiwa onyo kwenye logi ambalo watu wengi hawalisomi.

DadaMsimbo

Nakubaliana na FundiUbungo, ila kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi halimo ndani ya faili la huduma. Kaka MtunzaMashine, umesema programu hii inaandika malipo. Kila msimamizi wa huduma, awe systemd au mwingine yeyote, hajui programu ilikuwa imefika wapi ilipoanguka. Anachojua ni kwamba mchakato umekufa na anatakiwa kuanzisha mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kuamua iwashwe mara ngapi, jiulize: programu ikifa katikati ya mstari wowote wa kazi yake, kisha ikaanza upya, hesabu za duka zitabaki sahihi?

Tuchukue malipo ya shilingi 450,000. Programu imepokea taarifa, imeandika malipo kwenye hifadhidata, na ikaanguka kabla ya kumjibu aliyeituma. Mtumaji hajapata jibu, kwa hiyo atatuma taarifa ileile tena. Programu iliyofufuka inaipokea kana kwamba ni mpya, na mteja anaonekana amelipa 900,000. Mzigo wa pili unatoka stoo bila fedha. Sasa geuza mfuatano: programu imejibu kwanza kwamba imepokea, ikaanguka kabla ya kuandika. Mtumaji ameridhika na hatatuma tena, na yule mteja atasimama mlangoni na ujumbe kwenye simu yake huku mfumo ukimkana.

Tiba ina sehemu mbili zisizotenganishwa. Namba ya kumbukumbu ya muamala iwekewe sharti la upekee ndani ya hifadhidata yenyewe, na uandishi ufanywe kwa INSERT yenye ON CONFLICT DO NOTHING, yaani ikikuta namba hiyo ipo tayari isiandike tena, ambayo PostgreSQL inayo tangu toleo la 9.5. Na jibu la kukubali litolewe baada tu ya muamala wa hifadhidata kuthibitishwa, si kabla. Ukishafanya hivyo, kuwashwa mara tano au mara mia hakutaharibu daftari. Usipofanya hivyo, hata kuwashwa mara moja ni hatari, na kadiri msimamizi anavyokuwa hodari wa kufufua ndivyo makosa yanavyozaliana haraka.

Ningependa pia programu itofautishe aina za kushindwa. Hifadhidata isipopatikana, isubiri na kujaribu tena ndani kwa ndani, ikiongeza muda kila mara na kuchanganya bahati nasibu kidogo ili programu nyingi zisigonge kwa pamoja. Faili la usanidi likiwa na kasoro, itoke na namba yake maalumu. Kwa desturi ya Unix namba 78 hutumika kwa kosa la usanidi. Kisha uandike RestartPreventExitStatus=78, na systemd haitaiwasha tena ikitoka kwa namba hiyo. Kusubiri hakurekebishi faili lililokosewa.

MzeeWaMitambo

Nimesoma majibu yote na nimefurahi, kwa sababu vijana mnajibu kwa hoja. Niongeze habari ya tulikotoka, maana inasaidia kuelewa kwa nini namba hizi zipo.

Zamani programu ya chinichini ilikuwa inajiondoa yenyewe kwa aliyeianzisha. Ilizaa mchakato mtoto, mtoto akazaa mwingine, wakubwa wakafa kwa makusudi, na yule wa mwisho akabaki yatima na kulelewa na mchakato namba 1 (init). Hati iliyoiwasha ilibaki na faili dogo tu lenye namba ya mchakato. Programu ikianguka hakuna aliyejua, na ubaya zaidi ni kwamba baada ya muda keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaweza kuitoa namba ile kwa mchakato mwingine usiohusika. Hapo mtu akiagiza kuzima huduma kwa kusoma lile faili, anaua kisichostahili. Daniel J. Bernstein, kupitia zana zake za kusimamia huduma ziitwazo daemontools, alishika njia nyingine: programu isijitenge kabisa, ibaki kuwa mtoto halisi wa mchakato unaoisimamia. Mtoto akifa, keneli humjulisha mzazi papo hapo, bila faili na bila kubahatisha. Katika msingi huo huo ndimo walimozaliwa wasimamizi wengine, runit na s6. Nayo systemd imeongeza jambo moja la maana: huiweka kila huduma ndani ya kundi lake la udhibiti katika keneli, kiasi kwamba hata wajukuu wa programu hawawezi kutoroka hesabu.

Kuhusu kasi ya kufufua, kila mfumo umechagua kwa tabia yake. Msimamizi wa daemontools hutulia sekunde moja baada ya kuwasha, kisha huendelea bila kuchoka. Init ya zamani, iliyosoma faili la inittab, ikiona kitu kimewashwa zaidi ya mara kumi ndani ya dakika mbili, ilikisimamisha kwa dakika tano kisha ikajaribu tena. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu zilizofungwa ndani ya makontena, husubiri sekunde 10, kisha 20, kisha 40, ikiongeza mara mbili hadi kufikia dakika tano, na kontena likiishi dakika kumi bila tatizo hesabu huanza upya. Erlang, lugha iliyotoka Ericsson, ndiyo inayonivutia zaidi: msimamizi akizidiwa na vifo vya watoto wake, huwazima wote na yeye mwenyewe hufa, ili tatizo lipande kwa msimamizi wa juu yake, ambaye anaweza kuanzisha sehemu nzima upya ikiwa safi.

Ukilinganisha hayo, utaona kwamba kikomo cha kawaida cha systemd kinafaa programu iliyoharibika, ambayo hata ukiisubiri haitapona. Hakifai programu isiyo na ubovu inayosubiri kitu cha nje kiamke. Bahati mbaya huduma nyingi katika maofisi yetu ni za aina ya pili, kwa sababu kila tunachoendesha kinategemea mtandao, hifadhidata au mashine ya mwenzake, na umeme ukirudi vyote huamka kwa mpigo. Ndiyo maana ninaona ni wajibu wa kila fundi hapa mjini kuandika namba zake mwenyewe badala ya kuachia zile za kawaida.

Toleo la 254 la systemd, la mwaka 2023, lilileta RestartSteps na RestartMaxDelaySec, ambazo zinaongeza muda wa kusubiri hatua kwa hatua. Ubuntu 22.04 ina toleo la 249, kwa hiyo MtunzaMashine hataziona mpaka ahamie 24.04.

Nyota_Mbagala

Shikamoo, Mzee. Naomba kuongeza swali linalofanana na hili. Kwetu programu haifi. Hali yake inasomeka active (running) lakini haipokei kitu, na tukiizima na kuiwasha inarudi kufanya kazi kama kawaida. Msimamizi anaweza kutambua hilo?

MzeeWaMitambo

Marahaba. Kwa hali ilivyo hawezi, kwa sababu macho yake yanaona kifo tu, na programu iliyoganda bado ina uhai mbele ya keneli. Inabidi programu yenyewe itoe ishara ya uzima. Andika Type=notify na WatchdogSec=30 katika faili la huduma, kisha programu itume ujumbe WATCHDOG=1 kwenye soketi (njia ya mawasiliano na systemd) inayotajwa na NOTIFY_SOCKET; desturi nzuri ni kutuma kila baada ya nusu ya muda uliowekwa, yaani kila sekunde 15. Type=notify inadai pia programu itume READY=1 inapokuwa tayari, la sivyo systemd itaona haijamaliza kuwaka. Zikipita sekunde 30 bila ishara ya uzima, systemd huiua kwa ishara ya SIGABRT, na kwa Restart=on-failure itaiwasha upya. SIGABRT kwa kawaida huacha picha ya kumbukumbu, kwa hiyo ukiwa umesakinisha systemd-coredump unaweza kuifungua kwa coredumpctl na kuona programu iligandia wapi.

Nakusihi jambo moja, binti yangu. Ishara hiyo itumwe kutoka ndani ya mzunguko unaofanya kazi halisi ya kupokea na kuandika. Wengi huiweka katika uzi (thread) wa pembeni unaotuma kila baada ya sekunde kadhaa bila kujali lolote. Hapo kazi itaganda, uzi wa pembeni utaendelea kusema ni mzima, na msimamizi ataamini.

MtunzaMashine, Kariakoo

Nawashukuru nyote kwa dhati. Dada, nimeangalia jedwali la malipo na namba ya kumbukumbu haikuwa na sharti la upekee, kwa hiyo nimeanza na hilo kabla ya kugusa faili la huduma. Kisha nimepima: programu hufa ndani ya sekunde moja hifadhidata ikikataa, na ndani ya sekunde kumi ikiwa seva ya pili imezimwa kabisa. Kwa mzunguko wa sekunde 25, nafasi ishirini zinaisha katika sekunde 500, hivyo namba za FundiUbungo zinanifaa bila kubadilishwa.

Limebaki moja. Nataka nipate ujumbe kwenye simu pale huduma inapoanguka. Nimeona mpangilio wa OnFailure unaoita huduma nyingine. Unatosha?

FundiUbungo

Unatosha kwa nusu ya hitaji lako, mkuu. OnFailure haiiti huduma ya pili kila programu inapoanguka. Huiita pale huduma inapoingia katika hali ya kushindwa kabisa, na kwa huduma yenye Restart hali hiyo hufikiwa majaribio yakishaisha. Kwa namba zako utapata ujumbe baada ya dakika tano hadi nane na nusu hivi. Kwa duka lililofungwa usiku si mbaya, na inakuepusha kuamshwa kwa kila mkatiko mfupi wa mtandao. Laiti ungefuata ushauri wa kuondoa kikomo, ujumbe huo usingefika milele, maana huduma isingehesabiwa kuwa imeshindwa hata siku moja.

Ukitaka kujua kila anguko, tumia ExecStopPost. Amri hiyo huendeshwa kila programu inapokoma, na hupewa SERVICE_RESULT na EXIT_STATUS, kwa hiyo unaweza kuandika sababu kwenye faili bila kutuma ujumbe. Ukitazama SERVICE_RESULT ukakuta oom-kill, ujue memori iliisha na keneli ndiyo iliyoua. Hapo kuwasha upya kunarudisha tatizo lilelile polepole, na dawa ni kutafuta kinachomeza memori. Idadi ya jumla ya kufufuliwa unaipata kwa systemctl show -p NRestarts malipo.service. Iangalie kila wiki hata kama kila kitu kinaonekana shwari.

Kabla hujaamini mipangilio yako, ijaribu duka likiwa limefungwa. Iangushe kwa systemctl kill --signal=SEGV malipo.service, na utaona hali ikibadilika kuwa activating (auto-restart) kwa sekunde 15 kabla ya kuwaka. Kisha zima hifadhidata kwa dakika kumi uone kama kikomo kinafikiwa na ujumbe unafika. Baada ya hapo andika systemctl reset-failed malipo.service ili hesabu ifutwe. Usijaribu kwa amri ya kill bila kutaja ishara, kwa sababu itatuma SIGTERM, ishara ya kuiomba programu izime, na kufa kwa SIGTERM huhesabiwa kuwa kuzimwa kwa utaratibu: kwa on-failure programu haitawashwa, nawe utadhani faili lako lina kasoro.